Kampuni za mitandao zinanunuana ng'ambo, bili inafika Bukavu

BUKAVU – Wakaaji wa Bukavu waliokuwa na simu miaka ishirini iliyopita wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu cha biashara. Namba zinazoanza na 099 zilikuwa za Celtel. Mwaka 2008 zikawa za Zain. Mwaka 2010 zikawa za Airtel. Namba haikubadilika na minara haikuhama mlimani, lakini mwenye mali alibadilika. Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudani, iliuzwa mwaka 2005 kwa kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Miaka mitano baadaye Bharti Airtel ya India ilinunua karibu mali yote ya Zain katika Afrika kwa dola bilioni 10.7.

Wenye namba za 089 nao waliona yao. Tigo, iliyokuwa mali ya Millicom, ilinunuliwa na Orange mwaka 2016 kwa dola milioni 160. Orange yenyewe haikuingia Kongo kwa kujenga tangu msingi. Ilipita mlango uliokuwa wazi: mwaka 2011 ilinunua Congo Chine Télécom, ambayo hisa zake zilikuwa za ZTE ya China na za serikali ya Kongo.

Mwenye simu hakulipa kitu kwa mabadiliko hayo. Alibakia na kadi yake, na pengine alipata fulana ya rangi mpya. Lakini kuna biashara nyingine ya kununuana inayoendelea kimya, na katika hiyo mteja anaweza kulipa. Ni ya kampuni zinazotengeneza mitambo ya mtandao wa ndani: ile inayowaka taa za kijani ndani ya kabati za hospitali, vyuo vikuu, mashirika na ofisi za kuhifadhi pesa.

Kabati lenye taa za kijani

Katika jengo lenye kompyuta nyingi, kila waya unaotoka kwenye kompyuta, kamera au mashine ya Wi-Fi unaishia kwenye kifaa kinachoitwa swichi. Swichi inapokea ujumbe na kuupeleka kwa anayehusika. Ruta ndiyo inayoutoa ujumbe huo nje, kwenda mtaa mwingine, Kinshasa au ulaya. Juu ya hivyo kuna vifaa vya ulinzi, na programu ya kusimamia vyote.

Duniani, watengenezaji wakubwa wa mitambo hiyo ni wachache: Cisco, Huawei, HPE, Arista, Extreme Networks na wengine. Mtu akichunguza historia ya kila mmoja, atakuta kwamba ukubwa wao haukutoka kwa ubunifu wao peke yake. Wengi wamekua kwa kumeza wengine.

Cisco ndiyo mfano wa kwanza. Ilianzishwa mwaka 1984 na Leonard Bosack na Sandy Lerner, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Biashara yake ilikuwa ruta. Mwaka 1993 iliona wateja wanaanza kutaka swichi, kitu ambacho haikuwa nacho. Badala ya kutumia miaka ikijifunza, ilinunua kampuni ndogo iliyoitwa Crescendo Communications. Kutokana na ununuzi huo zilizaliwa swichi za Catalyst, ambazo kwa miaka mingi ziliiletea Cisco pesa nyingi. Tangu hapo imenunua kampuni zaidi ya 200. Mwaka 2012 ilinunua Meraki kwa dola bilioni 1.2, na mwaka 2024 ikainunua Splunk kwa dola bilioni 28.

HP nayo ilifuata njia hiyo. Mwaka 2010 ilinunua 3Com, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 na Robert Metcalfe, mmoja wa waliobuni Etheneti, lugha ambayo hadi leo karibu kila waya wa mtandao ofisini unaizungumza. Mwaka 2015 ikanunua Aruba kwa ajili ya Wi-Fi. Baada ya HP kugawanyika, tawi la HPE lilitangaza mwezi wa kwanza 2024 kwamba litanunua Juniper Networks kwa dola karibu bilioni 14. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipinga mahakamani mwezi wa kwanza 2025, ikihofia kwamba soko litabaki na wakubwa wawili tu. Pande mbili zilipatana, na tarehe 2 mwezi wa saba 2025 ununuzi ulikamilika. Sharti moja la mapatano hayo ni kwamba HPE iuze kitengo chake cha Instant On, kinachotengeneza mitambo ya Wi-Fi kwa biashara ndogo.

Sababu za kununuana ni nne na zinajirudia. Ya kwanza, kupata teknolojia iliyokwisha kutengenezwa. Ya pili, kupata wateja wa yule anayenunuliwa. Ya tatu, kupata wahandisi wake, kwa sababu watu wenye ujuzi huo ni wachache. Ya nne haisemwi sana hadharani: kumwondoa mshindani sokoni.

Mtandao uliofumwa kama kitambaa

Katika ununuzi mwingi wa miaka ya karibuni, kitu kimoja kimekuwa kikitafutwa. Wataalamu wanakiita fabriki, yaani kitambaa. Jina limefaa. Mama anayeuza vikwembe sokoni Kadutu anajua kwamba nguvu ya kikwembe haitoki kwa uzi mmoja. Nyuzi nyingi zimepishana, na mmoja ukikatika kitambaa hakifumuki.

Mtandao wa zamani haukuwa hivyo. Fundi akiunganisha swichi mbili kwa waya mbili ili moja iwe ya akiba, ujumbe unaweza kuanza kuzunguka kati yake bila kusimama, hadi mtandao mzima ulemewe na kuanguka. Mwaka 1985, mhandisi Radia Perlman wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alibuni dawa yake: swichi zinazungumza zenyewe, zinachora ramani yenye umbo la mti, kisha zinafunga kila njia ya ziada. Njia iliyofungwa inafunguliwa tu wakati ya kwanza imekatika.

Dawa hiyo iliokoa mitandao ya dunia nzima, lakini ina gharama. Ni kama mji wenye barabara mbili za kutoka Ibanda kwenda Bagira, halafu moja imefungwa siku zote ili magari yasizunguke. Foleni inajaa upande mmoja huku barabara nyingine ikiota majani. Na udongo ukiporomoka juu ya barabara iliyo wazi, watu wanangoja hadi ile nyingine ifunguliwe. Katika toleo la kwanza la teknolojia hiyo, kungoja huko kulichukua kati ya nusu dakika na karibu dakika nzima. Matoleo mapya yamepunguza muda, ila njia ya ziada bado inakaa bure.

Fabriki inafungua barabara zote. Kila swichi inajua ramani nzima na inapeleka ujumbe kwa njia fupi kuliko zote. Njia moja ikikatika, nyingine zinabeba mzigo mara moja. Fundi naye anapunguziwa kazi. Zamani, akitaka kuwatenga wagonjwa wanaotumia Wi-Fi na kompyuta zenye faili za matibabu, alipaswa kupanga upya kila swichi iliyo njiani. Katika fabriki anapanga kwenye miisho miwili tu, pale huduma inapoanzia na pale inapofikia. Katikati hapaguswi.

Namba pia zinatofautiana sana. Njia ya zamani ya kutenga makundi ndani ya mtandao mmoja inaruhusu makundi 4,094. Fabriki inaruhusu zaidi ya milioni 16. Hakuna taasisi Bukavu inayohitaji milioni 16, lakini kampuni zinazohifadhi data za wateja wengi mahali pamoja zinahitaji, na ndizo zilizosukuma teknolojia hii mbele.

Kuna aina zaidi ya moja ya fabriki. Ile inayoitwa SPB ilipitishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2012. Nyingine, VXLAN, ilichapishwa mwaka 2014, na wahandisi wa Cisco, VMware na Arista walikuwa kati ya walioiandika. Mwaka 2015 ikafuata kanuni ya EVPN, ambayo leo inatumika pamoja na VXLAN katika mitambo ya kampuni nyingi.

Teknolojia moja, wenye mali watatu

Safari ya SPB inaonyesha vizuri jinsi kazi ya wahandisi inavyohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wahandisi wa Nortel, kampuni kubwa ya Kanada, walikuwa kati ya walioianzisha. Nortel ilifilisika mwezi wa kwanza 2009. Mwaka huohuo kitengo chake cha simu na mitandao ya ofisi kilinunuliwa na Avaya ya Marekani kwa dola milioni 900. Avaya iliikuza teknolojia hiyo chini ya jina Fabric Connect, na mwaka 2014 ilitumika katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Sochi, Urusi.

Mwezi wa kwanza 2017 Avaya nayo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Katikati ya mwaka, kitengo cha mitandao kikauzwa kwa Extreme Networks kwa dola milioni 100. Extreme ilikuwa tayari imenunua Enterasys mwaka 2013 na kitengo cha Wi-Fi cha Zebra mwaka 2016. Mwaka huo wa 2017 ilichukua pia mitambo ya vituo vya data ya Brocade, na mwaka 2019 ikanunua Aerohive. Katika muda wa miaka sita, kampuni ambayo ilikuwa ya ukubwa wa kati ilikusanya vipande vya kampuni tano.

Hospitali au chuo kilichonunua swichi ya Nortel mwaka 2008 kilijikuta mteja wa Avaya bila kuhama ofisi, kisha mteja wa Extreme. Swichi ni ileile. Namba ya kuomba msaada, mkataba, jina la programu na bei ya kuendelea kuhudumiwa, hivyo vyote vinaweza kubadilika.

Huawei ilikua kwa njia nyingine, kwa kuweka pesa nyingi katika utafiti wake na kuuza kwa bei ya chini kuliko washindani. Hata hivyo nayo iliwahi kuingia katika mchezo huu: mwaka 2003 iliunda na 3Com kampuni ya pamoja iliyoitwa H3C, kisha ikauza hisa zake kwa 3Com. Ndiyo maana HP iliponunua 3Com mwaka 2010, ilipata pia kiwanda chenye mizizi China.

Kanda yetu nayo inanunuana

Jambo hili si la Marekani tu. Mtandao wa faiba unaolisha eneo la Maziwa Makuu umekua kwa njia hiyohiyo. Liquid Telecom, iliyotoka katika kundi la Econet la Mzimbabwe Strive Masiyiwa, haikuchimba mitaro yote kwa mikono yake. Mwaka 2013 ilichukua mali ya kampuni ya Altech katika Afrika ya mashariki, pamoja na Kenya Data Networks ya Kenya, Infocom ya Uganda na kampuni ndugu yao ya Rwanda. Kwa ununuzi mmoja ikawa na mnyororo unaotoka pwani ya Kenya kukaribia mpaka wa Kongo. Mwaka 2017 ikainunua Neotel ya Afrika Kusini.

Mwaka 2021 Liquid ilibadili jina na kuwa Liquid Intelligent Technologies. Mwezi wa saba mwaka huohuo ilitangaza na Facebook mradi wa faiba ya kilomita 2,000 ndani ya Kongo, ili kuunganisha upande wa Atlantiki na Afrika ya mashariki.

Kwa Bukavu, habari kama hizo zina uzito wake. Kebo ya baharini ya WACS ilifika Muanda, lakini Muanda iko upande mwingine wa nchi, na kati yake na Kivu kuna msitu. Bahari ya Hindi iko karibu zaidi. Basi mtu anayenunua kampuni Nairobi au Kigali anaweza kuamua, bila kufikiria Bukavu hata dakika moja, bei ya intaneti itakuwa kiasi gani kwenye kingo za Ziwa Kivu.

Bili inavyofika

Kampuni ikinunuliwa, mwenye mali mpya anajikuta na bidhaa mbili au tatu zinazofanya kazi moja. Hawezi kuzitengeneza zote. Anachagua moja, na nyingine anaipangia tarehe ya mwisho: kwanza haiuzwi tena, kisha hakuna programu mpya za kuziba mianya ya usalama, mwisho hakuna vipuri. Swichi haifi siku hiyo. Inaendelea kuwaka taa zake za kijani, lakini mlango wa wezi wa mtandao unabaki bila fundi wa kuufunga.

Pili ni leseni. Zamani taasisi ilinunua kifaa mara moja na kukitumia hadi kichoke. Siku hizi watengenezaji wengi wanauza kifaa pamoja na malipo ya kila mwaka, kwa sababu wawekezaji wanapenda pesa inayoingia mara kwa mara. Kwa baadhi ya vifaa vinavyosimamiwa kupitia wingu, malipo yakikatika na muda wa huruma ukiisha, kifaa kinaacha kupitisha mtandao. Ni chuma kizima, kipya, ila hakifanyi kazi.

Katika Bukavu hatari hiyo ina uzito kuliko kwingine. Mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili 2025, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikasimama Kavumu. Taasisi iliyokuwa ikilipa leseni yake kwa uhamisho wa benki ilikuta njia imekatika. Kifaa cha kubadilisha kilichoharibika hakiwezi kuja kwa ndege moja kwa moja. Lazima kipite mpakani, kwa gharama na siku za kungoja. Mkataba ulioandikwa Marekani unaohesabu siku thelathini haujui hayo.

Kuna pia umeme. Mabwawa ya Ruzizi yako karibu, lakini wakaaji wanajua jinsi umeme unavyokatika mitaani. Fabriki yenye njia kumi haisaidii kitu ikiwa swichi zote zimezimika pamoja. Kwa taasisi nyingi za mji huu, dola elfu moja ya kwanza ina faida zaidi ikiwekwa katika betri na nishati ya jua kuliko katika swichi ya kisasa.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Shule yenye kompyuta ishirini haihitaji fabriki. Swichi moja ya kawaida inatosha, na muuzaji anayesema vinginevyo anatafuta faida yake. Lakini hospitali yenye majengo mengi, chuo kikuu chenye maelfu ya wanafunzi, au ushirika wa akiba wenye matawi, vina sababu ya kuitazama.

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: je, kifaa hiki kinazungumza kanuni za wazi kama SPB, au VXLAN na EVPN, au kinaelewana na ndugu zake wa kampuni moja tu? Kanuni ya wazi ni kama kuwa na ufunguo wa akiba. Mtengenezaji akinunuliwa kesho, taasisi inaweza kuongeza kifaa cha kampuni nyingine bila kutupa vyote.

La pili: leseni ikiisha, kifaa kinaendelea kupitisha mtandao au kinasimama? Jibu liandikwe katika mkataba, lisibaki mdomoni.

La tatu: tarehe ya mwisho ya huduma ni ipi? Watengenezaji wakubwa wanazitangaza kwenye kurasa zao, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Vifaa vingi vya mkono wa pili vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia ni vile ambavyo tarehe hiyo imepita au imekaribia. Bei ya chini inaweza kufaa, mradi mnunuzi ajue anachonunua na asikiweke mahali penye siri za wagonjwa au pesa za watu.

La nne: kipuri kiko wapi? Kama cha karibu kiko Dubai, ni afadhali kununua swichi mbili za kawaida, moja ikae kabatini, kuliko kununua moja ya fahari.

La tano halimhusu muuzaji bali taasisi yenyewe. Nani hapa ndani anajua mtandao wetu umepangwa vipi? Mara nyingi ramani ya mtandao, maneno ya siri na mpangilio wa swichi vimo kichwani mwa fundi mmoja wa informatiki. Akihama mji, na wengi wamehama, taasisi inabaki na kabati ambalo hakuna wa kulifungua. Ramani iandikwe, mpangilio unakiliwe, na nakala iwekwe mahali pawili.

Hakuna mtu Bukavu atakayezuia kampuni moja ya California kununua nyingine. Lakini karatasi yenye ramani ya mtandao, leseni isiyozima kifaa, kanuni ya wazi na swichi ya akiba kabatini havihitaji ruhusa ya mtu yeyote ng'ambo. Mkurugenzi anaweza kuvidai leo, kabla ya kutia sahihi.